ELM327: kifaa cha kupimia gari kwa simu, na vifupisho usivyoweza kuvikwepa

Kifaa chenyewe kinaenea kiganjani. Upande mmoja kina meno ya kuingia kwenye soketi iliyo chini ya usukani, upande wa pili kina taa ndogo tatu au nne, na juu kimeandikwa ELM327. Kinapatikana Kariakoo, Kirinyaga Road mjini Nairobi na kwa wauzaji wa mtandaoni, kwa bei isiyofikia ya galoni ya lita 4 ya oili nzuri. Kikiunganishwa na simu kwa Bluetooth, kinaonyesha kile ambacho kompyuta ya injini inakiona: joto la maji, hewa inayovutwa, mafuta yanayoongezwa au kupunguzwa, na makosa yaliyohifadhiwa.

Tunakipendekeza kwa karibu kila mwenye gari la kuanzia miaka ya 2000, kwa sharti moja. Kifaa hiki husoma na kufuta makosa tu. Hakisemi ubadilishe nini. Kitakupa P0171, LTFT, B1S1 na MAF, na usipojua zinazungumzia nini utanunua sensa mbili tatu kwa kosa lililoletwa na mpira uliopasuka. Fedha nyingi zinapotea hivyo kwenye gereji zetu: namba inasomwa, neno "sensa" linaonekana, sensa inanunuliwa, na taa inawaka tena baada ya wiki.

Kipi ununue

ELM327 asilia ni chipu iliyobuniwa na Elm Electronics ya Kanada. Programu ya toleo la kwanza haikulindwa, ikanakiliwa, na kampuni yenyewe ilifunga shughuli zake mwaka 2022. Karibu vyote vilivyo sokoni ni nakala. Hata lile toleo la v1.5 lililoandikwa kwenye vifaa vingi halikuwahi kutolewa na Elm Electronics. Hilo lisikutishe, maana nakala nyingine zinafanya kazi vizuri sana. Cha ajabu, zinazoandikwa v2.1 mara nyingi ndizo mbovu kuliko za v1.5, kwa sababu watengenezaji walipunguza vipande vya ndani ili kushusha bei. Nakala za v1.5 zenye chipu ya PIC18F25K80 ndizo za kutafuta, na muuzaji makini huliandika jina hilo la chipu kwenye tangazo lake.

Kwa magari yetu tofauti hii ina uzito. Soketi ya OBD, yaani ile ya kupimia gari iliyo chini ya usukani, ina matundu 16. Magari mapya huongea kwa njia inayoitwa CAN, kupitia matundu ya 6 na 14. Toyota IST, Vitz, Premio na Allion za mwanzoni mwa miaka ya 2000 hutumia njia ya zamani zaidi, K-line, kupitia tundu la 7. Nakala iliyonyofolewa sehemu ya K-line itafanya kazi vizuri kwenye gari la jirani la mwaka 2012 na kukaa bubu kwenye IST yako. Kitazame kifaa kabla ya kulipa: kama hakina jino la 7, kirudishe. Kuonekana kwa jino pia si uhakika, kwani wengine huliweka bila kuliunganisha na kitu ndani. Jaribio la kweli ni kukichomeka kwenye gari lako pale pale nje ya duka.

Wa iPhone wawe waangalifu. Bluetooth ya kawaida ya vifaa hivi ni ya simu za Android. iPhone inahitaji chenye Bluetooth LE au cha WiFi. Ukiwa na uwezo zaidi, Vgate iCar Pro na OBDLink MX+ ni ghali kuliko nakala za kawaida lakini hazikatiki katikati ya kazi.

Kukiunganisha

Tafuta soketi chini ya dashibodi, upande wa dereva. Chomeka kifaa swichi ikiwa imezimwa. Washa swichi mpaka taa za dashibodi ziwake, usipige stata. Nenda kwenye Bluetooth ya simu, chagua OBDII, weka namba ya siri 1234 au 0000. Fungua programu, Torque au Car Scanner, na uichagulie kifaa hicho kwenye mipangilio. Kuunganika kwa mara ya kwanza huchukua hadi dakika moja kwa magari ya K-line, kwa hiyo usikimbilie kuchomoa.

Kikigoma kabisa, usiseme bado kwamba ni kibovu. Marekani ililazimisha mfumo wa OBD-II kwa magari yote madogo kuanzia mwaka 1996, na Ulaya ikafuata kwa magari ya petroli mwaka 2001. Japani ilikuwa na utaratibu wake wa ndani, na ndiyo maana Allion ya mwaka 2003 inaweza kuwa na soketi ile ile lakini ikakataa kuongea lugha ya kawaida ya OBD-II. Hapo kuna njia tatu. Ya kwanza ni kuingia kwenye Car Scanner na kuchagua profaili inayolingana na gari badala ya kuiacha ijichagulie. Ya pili ni kumtafuta fundi mwenye Techstream, programu ya Toyota yenyewe, ambayo hufanya kazi kwa kompyuta ya mezani au ya mapajani na waya wa Mini VCI.

Ya tatu ni ya zamani na haihitaji kifaa chochote. Toyota nyingi za wakati huo hutoa makosa kwa kupepesa taa ya injini ukiunganisha tundu la 4, linaloitwa CG, na tundu la 13, linaloitwa TC. Soketi ukiitazama upande wake mpana ukiwa juu, la 4 ni la nne kutoka kushoto safu ya juu, na la 13 ni la tano kutoka kushoto safu ya chini. Zima swichi, unganisha kwa kipande cha waya mwembamba, kisha washa swichi bila kupiga stata. Taa ikipepesa haraka haraka kwa mpangilio mmoja usiokatika, hakuna kosa. Ikipepesa mara 2, ikatulia, kisha mara 5, hiyo ni 25: mchanganyiko una hewa nyingi na mafuta machache. 21 ni sensa ya oksijeni, 22 joto la maji, 24 joto la hewa, 31 kipimo cha hewa, 41 throto, yaani mlango wa hewa wa injini. Uhakikishe mara mbili unagusa tundu gani. La 16, la mwisho safu ya chini, lina umeme wa betri muda wote hata funguo ikiwa mfukoni, na ukiligusanisha na la 4 utaunguza fyuzi.

Kusoma namba ya kosa

MIL ni ile taa ya cheki injini. Ikiwaka bila kupepesa, kuna kosa limehifadhiwa na una muda wa kulishughulikia. Ikipepesa unapoendesha, injini inamisi kiasi cha kupeleka petroli isiyoungua kwenye katalisti, kisafisha moshi cha egzosi, ambayo mafundi wengi wanaiita masega. Ondoa mguu kwenye mafuta na usiendelee na safari ya mbali, kwa sababu petroli hiyo inaungulia ndani ya masega na kuyayeyusha.

DTC ni namba ya kosa. Herufi ya kwanza inataja eneo: P ni injini na gia boksi, C ni chasi pamoja na breki, B ni bodi, U ni mawasiliano kati ya kompyuta za gari. Tarakimu inayofuata ikiwa 0, maana yake ni moja kwa magari yote. Ikiwa 1, mtengenezaji aliitunga mwenyewe, na hapo ndipo watu hupotea kwa kusoma maana ya Nissan kwenye Toyota. Tarakimu ya pili inataja mfumo. 1 na 2 ni hewa na mafuta, 3 ni moto wa plagi, 4 ni moshi, 5 ni mwendo na silensa (injini ikinguruma bila kukanyaga mafuta), 6 ni kompyuta yenyewe, 7 na 8 ni gia boksi.

Kwa hiyo P0302 ni injini inayomisi kwenye silinda ya pili, na P0300 ni inayomisi bila silinda maalumu. Ukipata P0302, hamisha koili ya silinda ya 2 uipeleke ya 3, futa kosa, endesha. Likirudi kama P0303, koili ndiyo mbovu. Likibaki P0302, fanya hivyo hivyo kwa plagi, kisha angalia nozeli na kompresheni. Kazi hiyo ni ya nusu saa na haigharimu kitu, lakini gari linaingia gereji na koili zote nne zinabadilishwa.

B1S1 inachanganya wengi. B ni upande wa injini, S ni nafasi ya sensa kwenye egzosi. B1 ni upande wenye silinda namba 1, na kwa injini ya silinda nne zilizopangwa mstari mmoja upande huo ndio pekee. S1 iko kabla ya masega, S2 iko baada yake. Ukiambiwa P0135, hita ya sensa ya oksijeni B1S1 ina shida. Anza na fyuzi na waya wake.

Kabla hujafuta kosa lolote, piga picha ya skrini. Pamoja na kosa, kompyuta huhifadhi hali ya injini ya dakika ile: mwendo, mzunguko, joto la maji, mzigo. Hizo zinakuambia kosa lilitokea gari likiwa baridi asubuhi au likipanda mlima na abiria watano. Ukibonyeza kufuta, vyote vinaondoka, pamoja na marekebisho ya mafuta ambayo kompyuta ilijifunza kwa muda mrefu. Fundi anayefuta kosa kwanza kisha kuanza kutafuta shida amejifungia mlango.

Namba zinazobadilika injini ikinguruma

Faida kubwa ya kifaa hiki iko hapa, na watu wengi hawafiki huku.

ECT ni joto la maji ya rejeta. Injini ikishachemka vizuri ikae kati ya nyuzi 80 na 100. Ikibaki 60 hata baada ya mwendo wa barabara kuu, themostati imekwama wazi au iliondolewa, na gari litakula mafuta. Ikipita 105, simama. Ikionyesha −40 katika joto la Tanga, waya wa sensa umekatika au plagi yake imechomoka. Hivyo hivyo kwa IAT, joto la hewa inayoingia.

MAP ni mgandamizo wa hewa ndani ya manifoldi, bomba linalogawia silinda hewa. Ukiwasha swichi bila kupiga stata, inapaswa kusoma sawa na hewa ya nje: karibu 101 kPa Dar es Salaam au Mombasa, karibu 86 Arusha, na 82 au 83 Nairobi. Kwa sababu hiyo usinakili namba kutoka video ya mtu aliye usawa wa bahari ukaamua sensa yako ya Nairobi ni mbovu. Silensa, injini ikiwa ya moto na AC imezimwa, tegemea 30 hadi 45.

MAF hupima gramu za hewa zinazoingia kwa sekunde. Injini ya lita 1.5 ikiwa silensa husoma takriban 2 hadi 3. Ikisoma chini sana, mara nyingi waya wake mwembamba umeshika vumbi, hasa kama kisafisha hewa ni cha bei rahisi au hakifungi sawasawa. Tumia dawa maalumu ya MAF, usiguse waya kwa kitambaa wala kidole, iache ikauke dakika kumi. Dawa ya kusafishia kabureta inaweza kuiua.

STFT na LTFT zinastahili muda wako kuliko zote. STFT ni marekebisho ya mafuta ya papo kwa papo, LTFT ni yale ambayo kompyuta imeyazoea. Zijumlishe. Zikiwa kati ya −5 na +5 kwa mia, injini ina afya. Hadi 10 inavumilika. Jumla chanya ina maana kompyuta inaongeza mafuta kwa sababu inaona hewa imezidi, na ikifika +20 au +25 kwa muda, P0171, kosa la hewa kuzidi mafuta, inawaka.

P0171 ndiyo kosa ambalo watu hununulia sensa ya oksijeni isiyo na hatia. Sensa hiyo imetoa taarifa tu. Fanya hivi: injini ikiwa ya moto, soma jumla silensa, halafu kanyaga mpaka mizunguko 2,500 na ushikilie nusu dakika. Ikiwa silensa ni +22 na kwenye 2,500 inashuka hadi +5, injini inavuta hewa pembeni: mpira kati ya MAF na throto umepasuka kwenye mikunjo, hosi ya PCV, inayorudisha mvuke wa injini kwenye manifoldi, imelegea, au gasketi ya manifoldi imechoka. Uwazi mdogo huleta hewa nyingi kwa kulinganisha wakati throto imefungwa, na ikifunguka hewa hiyo inakuwa kidogo mbele ya ile inayopita MAF. Ikiwa kinyume chake silensa ni nzuri na namba inapanda kadiri unavyokanyaga, tafuta pampu ya mafuta iliyochoka, filta iliyoziba, au MAF chafu.

Uthibitishe kwa kunyunyiza maji kidogo kidogo kwenye maungio ya mipira na manifoldi, mbali na koili, ukitazama STFT. Ikiyumba ghafla, umepata mahali. Wengine hutumia dawa ya kabureta kwa sababu inaonyesha haraka zaidi, lakini inawaka moto. Usiitumie egzosi ikiwa ya moto. Kipimo hiki ni cha injini zenye MAF. Zile zinazotegemea MAP peke yake huihesabu hewa hiyo iliyozidi na kuongeza mafuta, hivyo badala ya P0171 utaona silensa imepanda juu.

O2S ni sensa ya oksijeni. Ya kawaida iliyo kabla ya masega hupanda na kushuka kati ya volti 0.1 na 0.9 bila kutulia. Hata hivyo Toyota nyingi zina aina nyingine mbele, inayoitwa A/F, na kwenye programu za kawaida husimama karibu na volti 0.66 bila kuyumba. Ukiiona imetulia hapo, usikimbilie kusema ni mbovu. Sensa nyingi nzuri zimetupwa kwa sababu ya mstari huo ulionyooka.

Ya nyuma, S2, inatakiwa itulie karibu 0.6 au 0.7. Ikianza kupanda na kushuka, masega hayafanyi kazi au yaliondolewa kabisa, na P0420 haiko mbali. Kagua kwanza kama egzosi inavuja kwenye gasketi kabla ya S2, kwani hewa inayoingia hapo inaleta picha ile ile.

P0011, na P1349 kwenye Toyota za zamani, zinahusu VVT, mfumo unaobadilisha wakati wa kufunguka valvu. Unaendeshwa kwa mgandamizo wa oili. Toa dipstiki kwanza. Oili ikiwa imepungua, nzito kupita kiwango cha gari, au imegeuka tope, badilisha pamoja na filta. Kisha toa OCV, valvu ndogo inayoelekeza oili hiyo, usafishe kichungi chake cha wavu. Ya kununua mpya ije baadaye.

Kisichofikiwa na kifaa hiki

ELM327 ya kawaida haiingii kwenye ABS, mfumo wa kuzuia breki kukwama, wala SRS, isipokuwa magari machache yenye programu zilizotengenezwa kwa ajili yake. Kwa breki na gia boksi mtafute mwenye mashine kubwa ya Launch au Autel. SRS ni mifuko ya hewa na vikaza mikanda, na plagi zake zina rangi ya njano. Usizipime kwa mita wala kwa taa ya majaribio, kwa sababu umeme mdogo tu unatosha kuilipua. Anayelazimika kufungua usukani achomoe betri na asubiri angalau sekunde 90.

Kasoro ya mwisho ni ya kifaa chenyewe: kinakula umeme muda wote kikiwa kimechomekwa, kwa kuwa tundu la 16 halizimwi na swichi. Kwa gari linalotembea kila siku hutahisi. Gari likilala wiki mbili na betri yake imeshazeeka, stata haitageuka. Isitoshe, namba ya siri ya 1234 inajulikana na kila mtu, na aliyeegesha karibu anaweza kuunganika. Kichomoe kila ukimaliza kusoma, na ukishike kwenye plastiki yake unapovuta, kwa sababu kukivuta kwa kukiyumbisha hulegeza matundu ya soketi na baadaye hata mashine ya maana ya fundi haitashika.

Bei: nzuri. Usomaji wa injini: mzuri, ukipata nakala yenye K-line. Magari ya Japani ya kabla ya 2005: jaribu kwanza, lipa baadaye.